Projekta ndogo ya DLP kwa sanaa ya video: pima weusi na mwendo kabla ya kulipa

Projekta ndogo za DLP, yaani zinazotengeneza picha kwa chipu ya vioo vidogo sana, zenye taa za LED, hupatikana kwa urahisi madukani Luthuli Avenue, Nairobi, na kwa msanii wa video mvuto wake ni dhahiri: zinaingia mkobani. Tunazozipima hapa ni za daraja la lumeni 300 za ANSI (lumeni ni kipimo cha mwanga unaotoka kwenye mashine, ANSI ni kanuni ya kuupima) na pikseli, yaani vidoa vya picha, 1280 kwa 720. Kwa kazi ya mwendo wa taratibu ndani ya chumba chenye giza, zinafaa sana. Kwa mistari myeupe inayokimbia juu ya weusi, usizinunue.

Neno 4K, yaani picha yenye pikseli nyingi sana, ukilikuta kwenye kartoni lipuuze. Mara nyingi lina maana kwamba mashine inapokea picha ya 4K kisha kuibana iingie kwenye chipu yake. Muulize muuzaji chipu yenyewe ina pikseli ngapi. Na lumeni zisizotajwa kuwa za ANSI usizitegemee.

Anza na weusi. Hakuna projekta inayotoa rangi nyeusi. Kilicho cheusi ni sehemu ya ukuta isiyopigwa mwanga, na macho huiona nyeusi kwa kuilinganisha na weupe ulio kando yake. Picha ya upana wa mita 2 ina eneo la mita za mraba 2.25, kwa hiyo lumeni 300 zinaleta luksi 133 hivi (luksi ni lumeni kwa kila mita ya mraba). Chumba kikiwa na luksi 5 za mwanga mwingine, nyeupe inaizidi nyeusi mara 27 au zaidi kidogo. Ukiacha luksi 50 ziingie dirishani, tofauti inashuka chini ya mara 4, na uso wa mtu mweusi uliopigwa picha kivulini unamezwa kabisa. Hasara hiyo ni kubwa mno kwa kazi zetu. Nunua pazia zito kabla ya kutafuta lumeni zaidi. Jua la Nairobi huzama karibu saa kumi na mbili unusu mwaka mzima, kwa hiyo onyesho la saa kumi jioni halikwepi pazia.

Udhaifu mkubwa ni upinde wa mvua. Chipu ni moja, hivyo nyekundu, kijani na bluu hurushwa kwa zamu, upesi kiasi kwamba ubongo unaziunganisha. Lakini jicho linaporuka kutoka pointi moja hadi nyingine husogea mamia ya nyuzi za pembe kwa sekunde, na rangi tatu zinatua mahali tofauti kwenye retina, utando wa nyuma ya jicho, kisha mtu huona kingo za rangi kama upinde wa mvua. Jaribu dukani: weka mstari mwembamba mweupe juu ya weusi, kisha rusha macho kushoto na kulia. Ukiona kingo za rangi, baadhi ya watazamaji wako nao wataziona, maana watu hutofautiana. Dawa ni kushusha weupe wa maandishi hadi asilimia 60 au 70, kulainisha kingo, na kuongeza mwanga kidogo kwenye mandharinyuma meusi.

Mwendo nao una mtego wake. Mwanasaikolojia Max Wertheimer alionyesha mwaka 1912 kwamba picha zilizotulia, zikipishana kwa muda unaofaa, huonekana kama kitu kimoja kinachosogea. Muda ukivurugika, mwendo unakwama. Video ya fremu (picha tuli) 25 kwa sekunde ikichezwa kwa hezi 60, yaani picha 60 kwa sekunde, fremu nyingine hurudiwa mara 2, nyingine mara 3, na kamera inayopita pole pole juu ya mandhari inadundadunda. Weka kompyuta itoe hezi 50, kila fremu irudiwe mara 2. Mashine isiyokubali hezi 50 irudishe.

Pikseli moja kwenye picha ya mita 2 ina upana wa milimita 1.6. Jicho zima huanza kuzitenganisha pikseli mtu akiwa chini ya mita 5.4 kutoka kwenye picha, basi panga viti ukilijua hilo. Picha ikipinda, usiinyooshe kwa menyu ya projekta, maana unatupa pikseli; inua meza.

Mwisho, joto. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na hewa nyepesi hupoza vibaya. Kama menyu ina hali ya mwinuko, yaani mpangilio wa maeneo ya juu, iwashe: feni itapiga kelele zaidi, lakini mashine haitajizima katikati ya onyesho. Acha nafasi ya sentimita 30 nyuma ya matundu, na kazi yenye sauti ndogo iwekewe spika mbali na feni.