Uzoefu wangu: kuzunguka mashamba ya mvinyo ya Burgundy kwa baiskeli ya kukodi

Natoa nyota nne kati ya tano. Ya tano imebaki kwenye cheni ya baiskeli, nitafika huko.

Mimi ni mtoto wa Hombolo, Dodoma. Zabibu nimezijua kabla sijajua kusoma, na baiskeli kwetu ni chombo cha kubebea mzigo. Kwa hiyo shemeji yangu anayesoma Dijon aliponiambia, "Shem, ukija Ufaransa tutazunguka mashamba ya mvinyo kwa baiskeli," nilicheka. Yaani nitoke kwenye zabibu nikatazame zabibu, nikanyage pedeli mwenyewe, na bado nilipe?

Nikalipa. Ilikuwa katikati ya Septemba. Kutoka Dijon hadi Beaune, mji ulio katikati ya mashamba hayo, ni kama dakika 20 kwa treni, na duka la baiskeli lilikuwa jirani tu na stesheni. Baiskeli ya kawaida ilikuwa euro 20 kwa siku, ya umeme karibu mara mbili. Unapewa kofia ngumu, kufuli na ramani ya karatasi. Shemeji akachukua ya umeme, eti magoti. Ana miaka 27.

Njia yenyewe inaitwa Voie des Vignes. Inaanzia Beaune kwenda kusini hadi Santenay, kilomita 20 na ushei, na sehemu kubwa inapita katikati ya mizabibu. Vibao vya baiskeli viko kila njia panda. Kupotea ni kutaka mwenyewe.

Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni ufupi wa ile mizabibu. Inaishia kiunoni, na imebanana, mche na mche kama mita moja, hekta moja inabeba miche 10,000 hivi. Trekta zao zina miguu mirefu, zinapita juu ya mistari kama mtu anayeruka mfereji. Wavunaji walikuwa shambani wamejikunja, mikasi mkononi. Tuliposimama kunywa maji, mzee mmoja aliyekuwa akibeba zabibu mgongoni akauliza nimetoka wapi. Nikamwambia kwetu tunavuna mara mbili kwa mwaka. Akamgeukia shemeji amtafsirie upya, akidhani amesikia vibaya. Wao ni mara moja tu, mvua ya mawe ikipiga basi mwaka umekwenda.

Pommard, kijiji cha kwanza njiani, ndipo tulipoonja mara ya kwanza. Glasi tatu, zote nyekundu, zabibu ile ile ya pinot noir, mwaka ule ule, mtengenezaji yule yule. Chupa ya kwanza euro 18, ya pili 38, ya tatu 70. Nikajisemea hapa mtalii anapigwa. Shemeji hanywi kabisa, alikuwa ananusa tu, lakini ndiye aliyesema ya tatu "inanukia kama chumba kingine." Nikaona maneno ya msomi hayo.

Kwa nini bei zinapishana hivyo? Jibu nililipata kwenye mapaja, tukipanda kutoka Pommard kwenda Volnay. Huku chini karibu na barabara kuu ni tambarare, udongo mzito, umeshikamana na tairi. Unapopanda unaanza kuona mawe meupe ya chokaa, udongo unageuka mwekundu mwekundu, maji hayatuami. Juu kabisa karibu na msitu udongo ni mwembamba na upepo ni wa baridi. Pesa, yaani zabibu za chupa ghali, iko kiunoni mwa mlima, pale jua linapopiga vizuri na maji yanapokimbia. Baba angelijua hilo bila kuonja: mbugani, kwenye udongo mzito unaotuamisha maji, huweki mzabibu. Ila kwa gari usingehisi chochote, maana mwinuko wenyewe ni mdogo. Baiskeli isiyo na umeme inakuhesabia kila mita.

Sasa cheni. Kwenye mwinuko huo huo ilichomoka mara tatu. Nikapiga simu dukani (duka silitaji). Ilikuwa saa sita na nusu mchana, na huko kuanzia saa sita hadi saa nane watu wanakula, simu iliita ikachoka. Nikairudisha kwa kijiti cha mzabibu uliokatwa. Nilifika Meursault mikono myeusi tii. Mama aliyetupokea kwenye ghala aliitazama mikono, akaitazama glasi yake safi, akaenda kuniletea sabuni na brashi ya kusugulia kucha. Mvinyo wake mweupe wa chardonnay ndio bora nilioonja siku ile, au labda ni ile huruma.

Kutema mvinyo baada ya kuuonja kunahitaji mazoezi. Kila meza ina chombo cha kutemea, na usione aibu, kwani kikomo cha pombe barabarani, gramu 0.5 kwa lita ya damu, kinamhusu hata mwendesha baiskeli. Mimi nilitemea shati.

Kijiji cha Puligny tuliingia alasiri. Hapo kuna shamba la Montrachet, hekta 8 tu, ukuta mfupi wa mawe, hakuna mlinzi. Juu ya kinjia cha lami ni Montrachet. Chini yake, hatua chache, ni Bâtard-Montrachet, yaani Mwanaharamu. Wamemwandika hivyo kwenye chupa na wanamuuza kwa mamia ya euro. Nilisimama katikati ya kinjia, mguu huku na mguu huku, nikatafuta tofauti kwa macho nisiione. Mipaka hii ya vishamba, wenyewe wanaiita climats, UNESCO iliiweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2015. Kuonja hapo hatukuthubutu kuuliza.

Santenay tuliiacha, tukakata kwenda Chagny na kurudi Beaune kwa treni, baiskeli zikiwa ndani ya behewa.

Ukienda, weka miadi ya kuonja mapema. Msimu wa mavuno watengenezaji wadogo wengi wa mvinyo hufunga milango kwa wageni. Volnay tulirudishwa mara mbili, kwa adabu lakini tulirudishwa. Kikapu cha mbele kinabeba chupa mbili, ya tatu usukani unaanza kuyumba. Na kabla hujatoka dukani, ipandishe hiyo baiskeli kilima chochote kilicho karibu kwa gia nyepesi. Mimi niliijaribu kwenye maegesho, tambarare, nikasema iko sawa.