Krimu ya 5-FU au imikwimodi, ipi kwa saratani ya ngozi inayoanza?

Hizi krimu mbili watu wanazichanganya sana. 5-FU (fluorourasili) ni kemo kabisa, yaani dawa ya kuua seli za saratani, ila ya kupaka; inavuruga utengenezaji wa DNA kwenye seli zinazogawanyika haraka mpaka zinakufa. Imikwimodi yenyewe inaamsha kinga ya mwili ije ipigane pale ulipopaka, ndo maana wengine wanapata homa na uchovu kama wana mafua.

Sasa ipi kali? Inategemea una nini. Kwa ile saratani ya ngozi inayoitwa basal seli, ikiwa bado ya juu juu, utafiti wa Uholanzi uliofuatilia wagonjwa miaka 5 ulikuta asilimia 80 hivi ya waliopaka imikwimodi hawana uvimbe, 5-FU asilimia 70. Lakini kwa yale mabaka yanayokwaruza ukiyagusa yanayoletwa na jua, ambayo bado sio saratani, utafiti mwingine wa huko huko Uholanzi wa 2019 ulitoa kinyume, 5-FU ilishinda kwa mbali. Ndugu zetu wenye ualbino mabaka hayo yanawaanza wakiwa bado wadogo kabisa, kwa hiyo hapo mimi naegemea 5-FU, na naumia nikiona mtu anaachwa mpaka kidonda kimechimba, maana hapo krimu zote mbili hazifai tena ni kukatwa.

Zote zinawasha, zinatoa wekundu na magaga, usiogope ukaacha katikati bila kumuuliza daktari. Mjamzito 5-FU asiiguse.