Tabo inatema oili? Nunua kwa mpangilio huu

Ukifungua mpira wa intakula (kipoza hewa) kwenye Subaru yenye tabo, ile pampu inayosukuma hewa kwenye injini, ukakuta umelowa oili, usikimbilie kununua tabo nyingine. Injini ikifanya kazi, gesi kidogo hupenya kando ya ringi za pistoni na kushuka kwenye chumba cha kranki. Ikikosa pa kutokea, inasukuma sili mpaka zivuje. Ndiyo maana kiwanda kimeiwekea njia ya kurudi kwenye hewa inayovutwa, ikaungue. Kasoro ni kwamba inarudi na mvuke wa oili, na oili ikiingia kwenye silinda, petroli hushika moto yenyewe, injini ikaanza kugonga.

Kabla hujatoa hela, pima kompresheni, yaani presha ndani ya silinda. Ringi zikiwa zimekwisha, chochote utakachofunga ni ndoo ya kukingia mvua chini ya bati lililotoboka.

Chaguo la kwanza ni valvu ya PCV mpya, ile inayorudisha gesi ya kranki kwenye hewa inayovutwa, pamoja na mipira yake. Haina mbwembwe na hakuna atakayekusifia ukifungua boneti. Valvu hupitisha gesi injini ikiwa haijakanyagwa, na inatakiwa kujifunga tabo inapoanza kusukuma. Ikikwama wazi, presha ya tabo inashuka moja kwa moja kwenye kranki. Itikise: isipolia ndani, imekufa. Mitumba ya Shaurimoyo, Dar, ni mizuri kwa taa na bampa, lakini valvu kama hii inakuja na utando wa oili ya mwenye gari wa zamani.

La pili ni kechi keni, kile kikopo cha kunasa oili, chenye vizuizi ndani, kinachorudisha gesi kwenye injini. Hapa ndipo watu wanapigwa, na mimi nimo. Nilinunua kimoja cha bluu kinachong'aa, muuzaji akiniapia, "Bosi, hii OG." Miezi miwili baadaye kilikuwa kikavu na intakula imelowa vilevile. Nilipokifungua nikakuta kopo tupu: mvuke ulikuwa unaingia huku na kutokea kule. Kwa hiyo ukiwa Kariakoo, mwombe muuzaji afungue kifuniko palepale dukani. Unatafuta sahani au wavu wa chuma wa kuufanya mvuke ujigonge na kudondoka, na koki ya kumwagia chini. Mipira iwe ya kuhimili oili, isiyonywea ikivutwa, na tundu lake lisiwe dogo kuliko la kiwandani. Kifunge mbali na tabo, maana mvuke hugeuka tone penye ubaridi, na kwenye foleni ya Ubungo mchana chini ya boneti ni tanuri. Kimwage kila unapobadili oili, ikibidi mapema zaidi.

La tatu, kopo lenye kichujio juu, linalopumulia nje. Gari la mashindano, sawa. La kwendea kazini litakunukisha oili kwenye foleni, na fundi akisahau kuziba tundu la zamani, injini inavuta hewa ambayo sensa ya hewa haijaipima.

La mwisho ni bomba la kranki linalochomelewa kwenye ekzosi, lenye valvu ya njia moja, ili moshi unaopita kwa kasi uvute gesi. Wazo hili linatoka kwenye magari ya dragi (mashindano ya kasi kwenye mstari mnyoofu) ya Marekani yenye mabomba mafupi na wazi. Gari lako lina masega ya kusafisha moshi na sailensa. Presha humo ni ya kusukuma, si ya kuvuta, na valvu ikiungua moshi unarudi kwenye injini. Ukishikilia, basi lichomelewe baada ya sensa ya oksijeni, kamwe si kabla. Hewa ikipenya mbele yake, sensa inadhani petroli ni pungufu, na kompyuta inaongeza.

Sensa yenyewe usinunue iliyotumika. Ile ya kawaida hupima vizuri karibu na uwiano wa hewa 14.7 kwa petroli 1 tu; gari linaloongezewa nguvu linahitaji ya upeo mpana, kama Bosch LSU 4.9. Iweke nyuma ya tabo, imeinama angalau nyuzi 10 juu ya mlalo ili maji yasituame ndani. Fundi akitaka kupaka silikoni kwenye jointi za ekzosi, mnyang'anye tyubu: mvuke wake unaua sensa.