Kamusi ya asili ya maneno kwenye simu: nyota nne

Miezi mitatu naitumia, na neno lililoninasa ni sukari. Programu inaanzia Kisanskriti (lugha ya kale ya India), śarkarā, yaani changarawe (zitazame punje zake utaelewa), inapita Kiajemi shakar hadi Kiarabu sukkar. Kihispania kikalichukua pamoja na al- ya Kiarabu (kama “the” ya Kiingereza), iliyokwisha kugeuka as- mbele ya s, likawa azúcar. Kiitaliano zucchero, Kifaransa sucre. Ukurasa huo nimeurudia mara nyingi mno.

Sauti za matamshi ni safi. Kinachoniuma ni Kiswahili kuwekwa mkiani: “kutoka Kiarabu”, basi. Hakuna hata sentensi moja kuhusu ile i ya mwisho, wakati silabi zetu hupenda kuishia kwa irabu. Nyota ya tano naizuia hapo.