Taili za bafu la zamani: gonga ukuta kwanza ndio uende dukani

Kabla hujatoa shilingi yoyote chukua kijiko. Sikutanii. Gonga zile taili za zamani moja moja na mpini wake usikize, ile inalia kama debe tupu imeshaachana na ukuta, ile yenye mlio mzito bado imeshika. Mimi niko Section 58 hapa Nakuru, bafu lina vile vitaili vyeupe vya inchi sita kwa sita vya enzi za Nyayo, na nilikuwa nishachagua hadi rangi ya taili mpya kwa simu. Nikagonga. Upande wa shawa wote debe tupu, fundi akaingiza patasi kidogo tu, tatu zikatoka kwa mkono, nyuma plasta nyeusi imelowa kama mandazi kwa chai na paipu ya chuma imeota kutu inadondosha maji polepole.

Kwa hivyo kati ya njia tano za kufanyia ukuta kama huu kazi, kwangu namba moja ni kubandua zote uanze upya. Ndio ghali, ndio chafu, vumbi hadi kwa sufuria, lakini ndio nafasi yako pekee ya kung'oa paipu za chuma uweke za plastiki zile za PPR, upige plasta mpya, ikauke vizuri, upake dawa ya kuzuia maji mara mbili ndio ubandike. Fundi atakuambia taili yenyewe inazuia maji. Maji yanapita kwa grauti, ile ya kujaza nafasi kati ya taili, mwambie apake.

Taili gani sasa? Seramiki ya ukuta ya sentimita 30 kwa 60 inatosha kabisa. Hii inanyonya maji, ndio maana utaona fundi akiiloweka kwa karai hadi iache kutoa mapovu kabla ya kuibandika na simiti, asipoloweka inafyonza maji ya simiti na baada ya muda inabanduka. Taili ya porcelain ni kinyume, hainyonyi hata asilimia 0.5, kwa hivyo simiti ya kawaida haiishiki, lazima ununue gundi ya taili ya mfuko, na hapo ndio wengi wanaliwa kwa sababu wameuziwa taili ya bei halafu gundi wakaona ni gharama ya bure. Nyeusi isiyong'aa achana nayo kama unatumia maji ya borehole, kila tone linaacha doa jeupe, utakuwa unasugua kila siku kama umeajiriwa.

Hesabu yenyewe: bafu la mita 1.5 kwa 2, taili hadi urefu wa mita 2.4, ukitoa mlango unabaki na kama skwea mita 15. Boksi ya 30 kwa 60 yenye taili nane ni skwea mita 1.44, ongeza asilimia kumi za kukatwa na kuvunjika, nunua boksi 12.

Namba mbili ni taili juu ya taili, lakini ni kama kijiko kimekubali ukuta mzima. Zikwaruzwe na graunda, mafuta na sabuni vioshwe vitoke, kisha gundi, simiti hapana. Ukuta utanenepa kama sentimita moja na nusu, angalia bomba na fremu ya mlango kabla, sio baadaye.

Pesa ikibana, namba tatu: taili hadi mita mbili pale shawa inapiga, kwingine plasta na rangi ya mafuta. Dirisha liwe linafunguka, haswa mko Kisumu na lile joto lenu la ziwa.

Paneli za plastiki (PVC) naziweka namba nne. Siku moja kazi imeisha na inapendeza, ila ukuta ukiwa unavuja zinakufichia tu, nyuma kuvu inajilia raha. Kwa siling nazikubali.

Ya mwisho ni kupaka rangi juu ya taili. Kwa nyumba ya kupanga, nyuma ya sinki, sawa, piga msasa na praima ya epoksi. Ndani ya shawa itabambuka.

Na boksi zote nunua siku moja, usome namba ya shedi, ile ya kuonyesha rangi kamili, kwa kila boksi, hata ya kumi ikitofautiana rudisha hapo hapo. Zinazobaki usimpe fundi. Zangu tano ziko chini ya kitanda, mke wangu ameshazoea.