Bomba, peni au pampu? Nilivyojichoma insulini nikiwa mjamzito Dar

Nina kisukari aina ya kwanza tangu nikiwa sekondari, kwa hiyo mimba ilinikuta nimeshazoea bomba la sindano na kichupa cha dawa. Wenzangu kliniki huniuliza kama peni, yaani kifaa cha kuchomea kama kalamu chenye insulini ndani, inastahili ile hela. Kwangu inastahili, ila kwa insulini ya haraka ya wakati wa chakula tu. Ile ya muda mrefu ya usiku niliendelea kuivuta kwa bomba na sikuona nilichopoteza.

Shida ya ujauzito ni kwamba dozi haitulii. Miezi ya mwanzo sukari ilikuwa inanishuka ovyo, hasa siku za kutapika. Tumbo lilipoanza kuonekana, dozi ikawa inapanda karibu kila nikienda kliniki, maana homoni za kondo la nyuma huifanya insulini ifanye kazi kwa shida. Daktari alitaka asubuhi kabla ya kula sukari iwe chini ya 5.3 (mmol/L), na saa moja baada ya kula chini ya 7.8. Hapo yuniti moja, kipimo cha dozi ya insulini, ina maana. Bomba nililokuwa napata, la mililita 1, lilikuwa na mstari kila yuniti mbili, kwa hiyo 7 unaikadiria kwa macho kati ya 6 na 8. Yapo ya nusu mililita yenye mstari kwa kila yuniti, lakini maduka ya dawa ya mtaani kwetu Mbagala hayakai nayo. Peni unaizungusha nyuma, inalia tik tik, 7 inasomeka dirishani.

Halafu kuna suala la kula nje. Kwa mama lishe Kariakoo, wali maharage ushafika mezani, nani aanze kutoa kichupa na kuvuta dawa watu wanatazama? Kwa peni natupa yuniti mbili hewani kuhakikisha dawa inatoka, napandisha blauzi kidogo chini ya mtandio, nachoma, nahesabu mpaka kumi ndipo nachomoa. Ukichomoa haraka, tone la dawa utalikuta juu ya ngozi.

Mama mkwe alihangaika sana na hilo la tumboni: "Mwanangu, utamchoma mtoto!" Sindano yangu ilikuwa ya milimita 4, inaishia kwenye mafuta ya chini ya ngozi. Mtoto yuko nyuma ya misuli na ukuta wa kizazi, na insulini yenyewe haivuki kondo la nyuma. Tumbo lilipokaza nikahamia ubavuni na mapajani, na mama akatulia.

Kero ya peni ni katriji, kile kichupa chembamba cha dawa kinachoingia ndani yake. Moja ni mililita 3, yaani yuniti 300, na mwishoni mwa mimba zilikuwa zinaisha haraka mno. Kuna kipindi duka nililozoea halikuwa nazo kabisa, nikarudi kwenye kichupa cha yuniti 1,000. Kwa hiyo hata ukiwa na peni, usitupe mabomba, na hakikisha yameandikwa U-100, yaani ni ya insulini ya yuniti 100 kwa mililita. Joto nalo: dawa iliyokwisha kufunguliwa hukaa nje kama wiki nne, mradi isizidi nyuzi 30, na Januari ya Dar inazidi. Yangu ilikaa kwenye chungu cha udongo chenye maji kidogo chini, ndani ya mfuko usiopitisha maji.

Pampu, kimashine cha insulini kinachovaliwa mwilini, niliiona kwa binamu yangu anayeishi Leicester, Uingereza. Inatoa insulini ya haraka kidogo kidogo kutwa nzima, na mrija hubadilishwa kila siku mbili tatu. Ni nzuri, lakini mwilini hakuna insulini ya muda mrefu ya kukushikilia: mrija ukichomoka usiku, saa chache tu ketoni, asidi za hatari mwili ukikosa insulini, zinaanza. Hiyo mirija hapa ningeitoa wapi kila wiki? Nilichomwonea wivu ni kile kipimo cha kubandika kinachosoma sukari muda wote. Utafiti wa CONCEPTT wa 2017 ulionyesha kuwa wajawazito wa aina ya kwanza waliokivaa walipata watoto wakubwa kupita kiasi kwa uchache zaidi, wawe wa pampu au wa sindano. Ningepata hela ya ziada, ningeanzia hapo kabla ya pampu.

La mwisho, kwa anayekaribia kujifungua: muulize daktari mapema dozi ya baada ya kujifungua na uiandike kwenye kadi. Kondo likitoka, mahitaji ya insulini hushuka siku ileile. Yangu ilipunguzwa zaidi ya nusu, na nesi wa zamu aliikuta imeandikwa.