Kliniki iliyompasua Jabari tumbo: tathmini yangu

Kwa wenye mbwa wakubwa hapa Arusha: haya ni maoni yangu kuhusu kliniki ya wanyama iliyompasua Jabari, mbwa wetu wa ulinzi, aina ya German Shepherd. Jina la kliniki siliweki kwa kuwa daktari mwenyewe aliomba asitangazwe. Upasuaji ulikwenda vizuri. Kazi ngumu ilianza Jabari alipoamka akawa hataki kula, na kwa ile kazi ndiyo nawapa alama za juu kabisa.

Kilichompata ni tumbo kujaa gesi na kujipinda, ugonjwa unaowapata zaidi mbwa wakubwa wenye kifua kirefu. Anajikakamua kutapika na hakitoki kitu, mate yanamtiririka, tumbo linakuwa gumu kama ngoma. Tumbo likishajipinda damu haipiti, ukuta wake unaanza kufa. Msingoje asubuhi. Pale mapokezi hakuna aliyeniuliza jina wala pesa kwanza. Binti aliyekuwa zamu alimpapasa ubavu, akaita kwa sauti, Jabari akaingizwa ndani. Wakamwekea dripu, wakampitishia mrija mdomoni kupunguza gesi, ndipo wakampa dawa ya usingizi.

Baadaye daktari alinionyesha picha kwenye simu yake. Sehemu ya juu ya tumbo, kwenye ule mpindo mkubwa wa nje, ilikuwa imegeuka nyeusi. Akaikata, akashona, kisha akalishikiza tumbo lililobaki kwenye ukuta wa ubavu wa kulia lisije likajipinda tena. Hatua hiyo ya kulishikiza msikubali irukwe, hata kwa ajili ya kupunguza gharama. Mbwa waliorudishiwa tumbo mahali pake bila kushikizwa, zaidi ya nusu yao hurudiwa na ugonjwa uleule.

Sasa lile lililonifanya niandike. Nilirudi nyumbani na Jabari aliyepona kidonda lakini asiyekuwa na hamu ya chakula. Ugali wa dona na dagaa, ambao zamani aliurukia kabla sufuria haijatua chini, aliunusa akageuka. Nikadhani ni maumivu. Daktari akaniambia, "Mama, ile sehemu niliyoikata ndiyo iliyokuwa inamtuma aone njaa."

Mimi nafundisha biolojia sekondari. Homoni za tumbo na utumbo, yaani gastrini, sekretini na kolesistokinini, nimeziandika ubaoni miaka mingi, na wanafunzi wangu wanajua kwamba homoni ya kwanza kabisa kutambuliwa, sekretini, ilipatikana London mwaka 1902, wanasayansi Bayliss na Starling wakifanya kazi na mbwa. Lakini homoni ya njaa, ghrelini, ni ya juzi tu: Kojima na Kangawa wa Japani waliitoa kwenye tumbo la panya mwaka 1999. Chembe zinazoitengeneza zimejaa zaidi sehemu ya juu ya tumbo, palepale Jabari alipokatwa. Panya wakiondolewa tumbo, ghrelini kwenye damu hushuka sana. Haiishi kabisa, kwa sababu utumbo mdogo nao hutengeneza kiasi chake. Daktari alinieleza haya akiwa amechuchumaa sakafuni, anamlisha Jabari kuku wa kuchemsha kwa vidole, na hakuwa na haraka.

Akaendelea na gastrini, homoni inayochochea tumbo litoe asidi, na hapa nilisikia raha ya kweli ya mwalimu anayefundishwa. Gastrini hutoka sehemu ya chini ya tumbo, karibu na mlango wa kuingilia utumbo, na sehemu hiyo Jabari anayo yote. Kwa kawaida asidi ikiwa nyingi tumboni, yenyewe huizuia gastrini isizidi. Sasa sehemu kubwa inayotoa asidi imeondoka, kizuizi kimelegea, gastrini inapanda. Kupanda huko ndiko mwili unavyojirekebisha: gastrini inazihimiza chembe za asidi zilizobaki zifanye kazi zaidi, na inaukuza utando wa ndani wa tumbo. Angekatwa upande wa chini mambo yangekuwa kinyume: gastrini ingeshuka, na utando unaotoa asidi ungedhoofika kwa kukosa wa kuuchochea.

Kutokana na maelezo hayo nikaelewa kwa nini omeprazoli alimwandikia kwa muda mfupi tu, kisha akaipunguza kidogo kidogo badala ya kuikata ghafla. Dawa hiyo nayo hupunguza asidi, kwa hiyo huipandisha gastrini juu ya ile iliyokwisha kupanda, na ukiiacha ghafla asidi hurudi kwa kishindo. Watu wengi hapa mtaani humnunulia mbwa vidonge hivyo duka la dawa za binadamu na kumpa miezi na miezi. Naomba tuache.

Chakula walikipanga kwa hesabu hiyohiyo ya homoni. Tumbo limekuwa dogo, chakula kinafika utumbo mdogo mapema na kwa wingi, na utumbo unajibu kwa kutoa homoni za kushiba. Kwa hiyo mbwa anashiba kwa tonge chache, na ukimlazimisha anatapika. Nikapewa karatasi iliyoandikwa kwa Kiswahili safi: kuku asiye na ngozi na wali laini, kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku, mafuta yawe machache kwa kuwa mafuta huamsha kolesistokinini, moja ya homoni hizo za kushiba, na kuchelewesha tumbo kupitisha chakula kwenda kwenye utumbo. Hakuna mbio baada ya kula. Kiasi cha mlo kiliongezwa kila tulipokwenda kumpima uzito, na kupimwa uzito hawakututoza.

Niliuliza kuhusu vitamini B12, maana binadamu aliyekatwa tumbo huishiwa nayo. Akanijibu kwamba mbwa ana bahati: protini inayosaidia kuifyonza kwake hutoka zaidi kwenye kongosho, na kongosho la Jabari lilikuwa zima. Swali hilo niliwahi kulipeleka kwingine nikajibiwa "mpe tu sindano." Hapa nilipewa sababu.

Kuhusu vipimo, daktari alikuwa mkweli. Homoni hizi hawazipimi, na hakujifanya anazipima. Anafuata uzito, choo, kutapika, na namna mbwa anavyokiendea chakula chake. Kuna dawa ya mbwa inayoiga kazi ya ghrelini, kapromorelini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016. Pale hawakuwa nayo, na aliniambia hivyo bila kuzunguka.

Yapo yasiyopendeza. Bei ni nzito, ilizidi mshahara wangu wa mwezi, ingawa walikubali nilipe kwa awamu. Simu ya dharura usiku mmoja iliita mpaka ikakatika, na mtu aliyetoka kupasuliwa mbwa wake jana anahitaji simu hiyo ipokelewe. Sehemu ya kupumzikia wagonjwa ni finyu. Mbwa na paka wanasikiana, na paka wa jirani yetu wa kitanda cha pili alilia usiku kucha. Wakitenganisha vyumba na kuweka mtu wa simu, sitakuwa na la kuwadai.

Jabari sasa anakula. Ulaji wake si kama wa zamani, na daktari alishanionya nisitegemee hivyo, lakini anakuja mwenyewe kwenye bakuli saa za mlo na uzito wake umerudi karibu ya ule wa mwanzo. Ukienda pale na mbwa aliyepasuliwa tumbo, mwambie daktari akuchoree ni sehemu gani imekatwa na ipi imebaki. Atakuchorea nyuma ya risiti, usiitupe. Mimi yangu nimeibandika jikoni, na kijana anayemlisha Jabari nikiwa shuleni anaifuata.